Gitaa la Besi Huchaguliwa Ndani ya Bendi

Duka la ala za muziki humdanganya mpiga besi. Mnunuzi huketi peke yake mbele ya amplifaya, huongeza sauti za chini na za juu, hupunguza za kati, kisha hucharaza vile vipande anavyovipenda. Gitaa linalotoa kishindo kizito na mng'aro mwingi ndilo analoondoka nalo. Siku ya mazoezi mambo hugeuka. Dramu ya mguu imekichukua kile kishindo, sahani za dramu na gitaa la solo vimeuchukua ule mng'aro, na wenzake wanamtaka aongeze sauti kwa sababu hawamsikii. Gitaa jingine, lile aliloliacha ukutani akiliona butu, lingesikika noti kwa noti.

Kwa hiyo anayelinganisha magitaa ya besi asijiulize kwanza lipi lina sauti tamu. Ajiulize sauti ya hili itakaa wapi wakati watu wengine watano au sita wanapiga. Haya yanayofuata yameandikwa kwa ajili ya swali hilo, kwa mtu anayetaka kununua besi yake ya kwanza, na kwa kwaya au bendi inayochangishana fedha ili ipate moja itakayodumu.

Tuanze na uzi wenyewe. Uzi mnene kuliko yote katika besi ya nyuzi nne ni ule wa E. Ukipigwa wazi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, yaani hezi 41. A hutetemeka mara 55, D mara 73 na G mara 98. Spika ya simu haina uwezo wa kutoa sauti ya hezi 41, na redio ndogo ya mezani haina pia. Hata hivyo vizazi vizima vya Watanzania walizijua besi za muziki wa dansi kupitia redio za betri, enzi ambazo Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa ikirekodi bendi nyingi za nchi. Hilo liliwezekana kwa sababu uzi hautoi sauti moja. Pamoja na sauti kuu hutoa nyingine zilizo juu yake, zenye mtetemo mara mbili, mara tatu, mara nne ya ule wa kwanza, na sikio likizipata hizo hujikamilishia lenyewe ile ya chini iliyokosekana. Wanamuziki huziita hamoniki. Nyingi ya hizo zenye manufaa ziko kwenye sauti za kati, zilezile ambazo mnunuzi wetu alizipunguza pale dukani. Magitaa ya besi hutofautiana hasa kwa hamoniki yanazozipa nafasi na yanazozinyima.

Jambo linaloamua hilo zaidi ni mahali ilipofungwa pikapu, yaani kile kipande chenye sumaku na waya mwembamba kinachonasa mtetemo wa nyuzi. Karibu na briji, pale nyuzi zinapokomea kwenye mwili wa gitaa, uzi hucheza kidogo, sauti kuu huwa hafifu na hamoniki hutawala, ndiyo maana pikapu iliyo huko hutoa sauti kavu na nyembamba yenye makali. Kadiri pikapu inavyosogea kuelekea shingoni ndivyo sauti inavyonenepa, mpaka mwisho hupoteza umbo na kubaki mvumo. Mkono wa kupigia nao hufuata kanuni hiyohiyo. Chukua besi yoyote, piga noti moja kwa kidole karibu kabisa na briji, kisha piga ileile pale shingo inapoishia. Utapata sauti mbili tofauti kutoka gitaa moja bila kugusa nobu hata moja, na mpigaji asiyelijua hili huwa anatafuta kwenye gitaa jipya kitu ambacho mkono wake tayari unacho.

Kuhusu mbao watu hubishana sana. Msimamo wangu ni kwamba katika gitaa la umeme lenye mwili mzima usio na uwazi ndani, aina ya mbao ina mchango mdogo katika sauti ukilinganisha na pikapu, nyuzi na mkono. Mchango wake mkubwa uko begani, na hapo nitafika.

Familia tatu

Precision Bass ilitoka mwaka 1951 katika karakana ya Leo Fender huko Fullerton, California. Kabla yake mpiga besi alibeba dabo besi, ala kubwa kuliko yeye mwenyewe, isiyo na freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatisha shingo, na yenye sauti inayomezwa upesi na matarumbeta. Freti za gitaa jipya zilimwezesha kupata noti sahihi pasipo kubahatisha, na jina lake likatokana na sifa hiyo. Mwaka 1957 pikapu yake iligawanywa vipande viwili vilivyopishana, kimoja kikiwa chini ya nyuzi za E na A, kingine chini ya D na G. Vipande hivyo vimetengenezwa kwa kupingana, hivi kwamba mvumo wa umeme unaoingia katika kimoja hufutwa na mwenzake huku sauti ya nyuzi ikibaki.

Ukilipiga peke yako, gitaa hili linaweza kukukatisha tamaa. Lina nobu mbili tu, moja ya ukubwa wa sauti na nyingine ya kupunguza ukali, na halina ujanja mwingi wa kukuonyesha. Nguvu yake imo katika sauti za kati za chini, mahali ambapo dramu ya mguu imekwisha kupita na gitaa la ridhimu bado halijaanza. Ndiyo sababu James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi mno za Motown kule Detroit, aliweza kupiga mistari yenye noti tele bila kumfunika mwimbaji. Alitumia Precision ya mwaka 1962, nyuzi bapa ambazo hakupenda kuzibadilisha, na kidole kimoja tu cha shahada. Carol Kaye, mpigaji wa studio za Los Angeles, alipiga Precision kwa piki na kupata sauti tofauti kabisa, yenye ncha, lakini nayo ilikaa mahali palepale katika wimbo. Kwa bendi yenye magitaa mawili au matatu yanayopokezana, tumba na safu ya matarumbeta, mimi ningeanza na gitaa la familia hii kabla ya kutazama lingine lolote.

Jazz Bass ilifuata mwaka 1960. Ina pikapu mbili nyembamba, moja kuelekea shingoni na nyingine karibu na briji, na kila moja ina nobu yake. Hapa mpigaji anachanganya mwenyewe. Ukiipa nafasi ile ya shingoni unapata uzito; Aston Barrett wa The Wailers alijenga besi ya reggae juu ya gitaa la aina hii. Ukiipa nafasi ile ya nyuma noti zinatoka zimekatika vizuri, zinasema waziwazi, na hilo ndilo alilolipenda Jaco Pastorius. Ukizifungua zote mbili hadi mwisho, sehemu fulani ya sauti za kati hufutana, na unabaki na ule mchanganyiko wa chini na juu ambao Marcus Miller ameutumia kwa ustadi mkubwa katika kupiga kwa dole gumba.

Mambo mawili kuhusu Jazz Bass hayasemwi dukani. La kwanza ni huko kufutana kwa sauti za kati: ukijikuta husikiki ndani ya bendi, rudisha nobu ya pikapu moja nyuma kidogo kabla ya kugusa amplifaya, na besi itajitokeza tena. La pili ni mvumo. Pikapu moja ya Jazz ikifanya kazi peke yake hunasa umeme wa ukutani, ambao kwetu Afrika Mashariki ni wa hezi 50. Noti ya G iliyo kwenye freti ya tatu ya uzi wa E ni ya hezi 49. Ukiishikilia noti hiyo kwenye ukumbi wenye nyaya mbovu utaisikia ikiyumba, kwa sababu inagombana na mvumo ulio karibu sana nayo. Pikapu zote mbili zikifunguliwa sawasawa mvumo hupotea. Ukumbi wenu ukiwa na umeme wa namna hiyo, na ni kumbi nyingi, jambo hili peke yake linatosha kukurudisha kwenye Precision.

Familia ya tatu ni StingRay ya Music Man, iliyotoka mwaka 1976, Leo Fender akiwa mmoja wa watu walioiunda. Ina pikapu moja kubwa iliyo upande wa briji, na ndani yake mna kisakiti chenye betri ya volti 9 ambacho huongeza na kupunguza sauti za chini na za juu kabla hazijafika kwenye amplifaya. Bernard Edwards wa Chic aliipiga kwa vidole, Louis Johnson kwa dole gumba, na wote wawili wana ule mng'ato unaoitambulisha papo hapo. Ni gitaa linaloishinda kelele. Kwenye kanisa lenye spika kali na kuta za bati, hata hivyo, mng'ato huo huweza kugeuka karaha. Punguza sauti za juu kwanza. Tena chomoa waya kila unapomaliza kupiga, kwa kuwa waya ukibaki umechomekwa betri huendelea kuliwa usiku kucha, na betri ikikaribia kuisha sauti hukwaruza na kufifia katikati ya ibada. Mpigaji wa besi yenye betri hutembea na ya akiba.

Nje ya familia hizi kuna magitaa yenye tabia zao. Rickenbacker 4001 ya mwaka 1961, iliyopigwa na Chris Squire na Lemmy, ina mlio wa chuma na shingo inayopenya mwili mzima. Höfner 500/1, ile yenye umbo la fidla ambayo Paul McCartney aliinunua Hamburg mwaka 1961, ina uwazi ndani, ni nyepesi mno, na noti zake hunenepa na kufa upesi.

Huhitaji kununua majina hayo. Squier, Yamaha, Ibanez na viwanda vingi vingine hutengeneza besi za bei ya chini zinazofuata mipango hiyohiyo, na baadhi ni nzuri kweli. Tazama pikapu, usitazame rangi. Ukiona vipande viwili vilivyopishana katikati ya mwili, hiyo ni Precision kwa tabia. Vijiti viwili vyembamba ni Jazz. Pikapu moja nene upande wa briji itakuelekeza kwenye StingRay. Kuna pia zenye vipande vilivyopishana pamoja na kijiti kimoja nyuma yake, na kwa mtu anayepiga muziki wa kila aina, leo injili, kesho sebene, keshokutwa harusi, huo ni mpango wenye busara.

Nyuzi hubadilisha zaidi ya unavyodhani

Watu wengi wameuza besi nzuri kwa sababu ya nyuzi mbaya. Nyuzi zilizozungushiwa waya wa duara, zile zinazokwaruza kidole, hung'ara na kulia kwa muda mrefu zikiwa mpya. Nyuzi bapa ni laini, zina sauti fupi na nene, hudumu miaka, na hazitoi ule msugano wa vidole unaosikika kwenye rekodi. Precision yenye nyuzi bapa na kipande cha sponji kilichobanwa chini ya nyuzi karibu na briji itakupa sauti ya zilipendwa ambayo amplifaya ya gharama haitakupa. Besi ya benga, inayokimbia na kuruka na kutakiwa isikike kila mguso, huzipenda zaidi nyuzi za duara, ingawa si lazima ziwe mpya kabisa.

Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, jasho na hewa ya chumvi huziua nyuzi upesi. Futa kila uzi kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga, juu na chini. Nyuzi za duara zilizokufa unaweza kuzilaza usiku kucha katika spiriti, kisha ukazifuta na kuziacha zikauke. Hufufuka kwa muda kwa sababu spiriti imeondoa mafuta na uchafu uliojaa kati ya mizunguko ya waya. Wengine huzichemsha kwa maji. Inafanya kazi vilevile, ila zisipokaushwa vizuri kutu huwahi.

Unapolinganisha magitaa mawili dukani, kwa hiyo, angalia kwanza umri wa nyuzi. Gitaa la bei nafuu lenye nyuzi mpya litalishinda gitaa bora lenye nyuzi zilizokaa ukutani mwaka mzima, na ushindi huo hautafika mwezi wa pili.

Mkono, bega na mgongo

Sauti unaweza kuirekebisha. Shingo ya gitaa utaishi nayo. Precision kwa kawaida ina upana wa milimita 41 hadi 44 pale shingo inapoanzia kichwani, Jazz ina 38. Milimita hizo chache huonekana si kitu kwenye karatasi, lakini mkono mdogo utazihisi baada ya wimbo wa pili, na mkono mkubwa utajihisi umebanwa kwenye Jazz. Ibanez za mfululizo wa SR zina shingo nyembamba zaidi kwa unene, na wanaotoka kwenye gitaa la solo huzizoea haraka.

Urefu wa uzi kutoka mwanzo wa shingo hadi briji ni jambo jingine. Kipimo cha kawaida ni inchi 34, karibu sentimita 86. Besi fupi zina inchi 30 hivi, kama ile Höfner. Uzi mfupi hulegea zaidi, freti hukaribiana, na sauti huwa ya duara isiyo na makali. Msimpe mtoto wa miaka kumi besi ndefu kwa hoja kwamba atakua. Mpeni fupi, apige bila maumivu, na sauti yake ni ya kazi kabisa.

Besi ya nyuzi tano huongeza uzi wa B chini ya E, wenye mtetemo wa mara 31 hivi kwa sekunde. Wapigaji wa kwaya huutaka kwa ajili ya noti nzito za mwisho wa ubeti. Ni haki yao, lakini jueni kwamba amplifaya ndogo itautoa uzi huo kama mngurumo usio na noti, na katika besi nyingi za bei ya chini uzi wa B hulegea na kupoteza umbo. Upige kwenye freti ya tatu na ya tano. Kama huwezi kuimba noti unayoisikia, nunueni ya nyuzi nne.

Uzito hupimwa ukiwa umesimama na mkanda begani. Besi nyingi ziko kati ya kilo tatu na nusu na nne na nusu, na kilo moja ya ziada katika mkesha wa saa sita ni maumivu ya mgongo. Achia mikono yote miwili: kichwa cha gitaa kikianguka kuelekea sakafuni, mkono wako wa kushoto utakuwa ukilibeba gitaa badala ya kulipiga, siku zote.

Neno moja kuhusu besi zisizo na freti. Bakithi Kumalo wa Afrika Kusini aliifanya dunia iisikilize katika albamu ya Graceland ya Paul Simon, mwaka 1986, na Jaco Pastorius alikuwa ameipigania kabla yake. Vikundi vya taarab asilia vya Zanzibar, Ikhwani Safaa na Culture Musical Club, vimekuwa na dabo besi miaka mingi, na ipo sababu ya kimuziki: udi, kanuni na fidla hugusa noti zilizo kati ya freti. Anayetaka kupiga gitaa la besi katika taarab ya namna hiyo atafute lisilo na freti, alifunge nyuzi bapa zisizoukwaruza ubao wa shingo, na akubali kufanya mazoezi ya sikio kila siku.

Namna ya kujaribu

Tumia amplifaya moja kwa magitaa yote, nobu zake zote za sauti zikiwa katikati. Iondoe kwenye kona ya chumba, kwa kuwa kona huvimbisha sauti za chini na kila gitaa litaonekana zito. Sawazisha ukubwa wa sauti kwa sikio kabla ya kulinganisha, maana gitaa linalopiga kwa sauti kubwa kidogo huonekana bora hata kama si bora. Kisha piga kitu rahisi, mstari wa noti nne unaorudiwa, huku rafiki akipiga ridhimu au simu iliyounganishwa na spika ikitoa dramu. Mpe rafiki gitaa na uende mwisho wa chumba usikilize. Wimbi la uzi wa E lina urefu wa zaidi ya mita nane. Aliyesimama mbele ya amplifaya hasikii anachosikia mtu wa viti vya nyuma.

Baada ya hapo piga kila freti ya kila uzi, polepole. Besi nyingi za umbo la Fender zina mahali ambapo noti hufa mapema, mara nyingi kwenye uzi wa G kati ya freti ya tano na ya saba. Ikifa kidogo tu, si kitu. Ikizimika kabisa, jaribu nyingine ya aina hiyohiyo. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya kumi na mbili bila kuukandamiza, upige, kisha ukandamize hapohapo na kupiga tena. Noti hizo mbili zinapaswa kulingana.

Mwisho kagua shingo. Bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza na kwenye freti inayokutana na mwili, kisha tazama pengo kati ya uzi na freti ya saba. Unene wa kadi ya jina unatosha. Pengo likiwa kubwa, chuma kilichomo ndani ya shingo hukazwa robo mzunguko kwa wakati mmoja na fundi anayejua, na gitaa linalohama kutoka Mombasa kwenda Nairobi huenda likahitaji kazi hiyo kila linapohama, kwa sababu mbao hunywa na kuachia unyevu. Nyuzi zilizochakaa, nobu zinazokwaruza na soketi iliyolegea ni hoja za kupunguzia bei, na zote hutengenezeka kwa fedha kidogo. Lakini ukitazama kutoka kichwani kuelekea briji ukaona shingo imejisokota, upande mmoja juu na mwingine chini, lirudishe ukutani hata kama sauti yake imekuteka.